Kusomea udaktari wa meno: kuchagua chuo, kuomba nafasi na kufika kwenye leseni

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, maswali yanayokuja ni yale yale. D tatu za PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) zinatosha? Mwenye CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) je? Tabibu wa meno na daktari wa meno wanatofautianaje? Chuo cha nje chenye ada nafuu kinatambuliwa nyumbani? Mwongozo huu unafuata mpangilio wa safari yenyewe, tangu kabla hujajaza fomu hadi unapopewa leseni. Umeandikwa zaidi kwa aliyeko Tanzania, ila wa Kenya na Uganda nao watakuta yanayowahusu.

Jambo moja lishike tangu sasa, kwa sababu hatua nyingi za mbele zinapimwa nalo: daktari wa meno hufundwa kwenye kiti cha matibabu, mgonjwa akiwa mbele yake na mwalimu nyuma yake. Chuo chenye majengo ya kupendeza lakini wagonjwa wachache kitakupa cheti, ila mikono yako itabaki haijui kazi.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Vyeti au taarifa za matokeo ya kidato cha nne na cha sita, na namba za mtihani zote mbili.
- Cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa usajili wa vizazi: RITA kwa aliyezaliwa Bara, au ZCSRA kwa aliyezaliwa Zanzibar. Uhakiki huchukua muda, kwa hiyo uanze kabla dirisha la mkopo halijafunguliwa.
- Kwa mwenye stashahada: namba ya AVN, inayothibitisha stashahada yako, kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Bila hiyo mfumo wa chuo haukupokei.
- Namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako au la mzazi, ambayo haitabadilika kwa mwaka mzima.
- Barua pepe unayoifungua mwenyewe, siyo ya mtu wa duka la intaneti.
- Fedha ya ada ya maombi, na nauli ya kwenda kukiona chuo angalau kimoja kwa macho.

Linganisha jina kwenye nyaraka zote, herufi kwa herufi. "Mohamed" kwenye cheti cha kuzaliwa na "Mohammed" kwenye cheti cha kidato cha nne ni tofauti ndogo kwa macho, lakini inatosha kukwamisha mkopo. Tofauti ya namna hiyo husawazishwa kisheria kwa wakili, na ni afadhali ifanyike mapema.

Hatua ya 1: Amua unaomba kada gani

Watu wengi huita kila anayegusa meno "daktari wa meno", kisha wanaomba kozi wasiyoikusudia. Kada kuu ni tatu.

Daktari wa kinywa na meno ana shahada. Tanzania shahada hiyo inaitwa DDS; Kenya na Uganda ni BDS. Kwa kazi hazina tofauti, herufi tu. Masomo ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa utarajali, yaani kazi ya mazoezi hospitalini chini ya usimamizi.

Tabibu wa kinywa na meno ana stashahada ya miaka 3. Anang'oa, anaziba, anasafisha meno na kutoa elimu ya afya ya kinywa, na katika wilaya nyingi yeye ndiye uti wa mgongo wa huduma. Kada inayokaribiana naye Kenya ni afisa wa afya ya kinywa ya jamii, anayesomea KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha huko.

Fundi sanifu wa maabara ya meno hutengeneza meno bandia, kofia za meno na vifaa vya kupanga meno. Hatibu mgonjwa. Mwenye mkono mzuri na asiyependa damu afikirie kada hii kwa uzito, maana mafundi wazuri ni wachache na kliniki zinawatafuta.

Hatua ya 2: Pima sifa zako bila kujidanganya

Tanzania, kwa DDS unahitaji ufaulu wa principal (alama E au zaidi ya kidato cha sita) katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Hesabu ya pointi ni A 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na kiwango cha chini kinachotajwa ni pointi 6, yaani D tatu. Soma kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) cha mwaka wako, kwa sababu chuo kinaweza kuweka sharti kali zaidi kwa somo fulani. Tena D tatu ni ruhusa ya kuomba tu. Nafasi za meno ni chache kuliko za udaktari wa tiba, na wanaoomba wana alama za juu.

CBG haikuingizi kwenye DDS, hata ukiwa na A tatu, kwa sababu hakuna Fizikia ya kidato cha sita. Aliye kidato cha tano na anautaka udaktari wa meno ahame sasa, asingoje matokeo.

Mwenye stashahada ya tiba ya meno anapimwa kwa wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa D au zaidi wa kidato cha nne katika Fizikia, Kemia, Baiolojia, Hisabati na Kiingereza. Hapa wengi huangushwa na Hisabati ya kidato cha nne. Kama uliifeli, irudie ukiwa bado kwenye stashahada, kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Kenya, sharti la msingi ni wastani wa B kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na B katika Baiolojia, Kemia, Fizikia au Hisabati, na Kiingereza au Kiswahili. Kinachoamua hasa ni pointi za klasta (kundi la masomo yanayohusu kozi) za KUCCPS, mamlaka inayogawa nafasi za vyuo, na meno huwa miongoni mwa kozi zenye ushindani mkali zaidi. Iweke chaguo la kwanza. Ukiiweka la tatu umejipunguzia nafasi mwenyewe.

Hatua ya 3: Hakikisha chuo na kozi vinatambuliwa, vyote viwili

Kutambuliwa kwa chuo hakumaanishi kozi yake ya meno imeidhinishwa. Uliza mara mbili: mamlaka ya vyuo, kisha baraza la taaluma. Tanzania Bara ni TCU na Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi chini ya Sheria ya mwaka 2017 ya wataalamu wa tiba, meno na afya shirikishi. Kenya, baraza la taaluma ni KMPDC. Uganda ni baraza la madaktari na madaktari wa meno la huko.

Shule kongwe ya Tanzania ni ya MUHAS, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, pale Upanga, Dar es Salaam. Kenya kuna Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Uganda kuna Makerere, na Kampala International University kwenye kampasi yake ya Ishaka. Rwanda, Chuo Kikuu cha Rwanda kina shule ya meno. Vyuo vingine vinaongezeka, ndiyo maana orodha ya mwaka huu ya mamlaka ndiyo ya kuaminiwa, siyo kipeperushi cha wakala.

Ukielekea nje, pata cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka TCU kabla hujalipa ada yoyote. Kisha angalia mambo matatu.

La kwanza ni lugha ya kliniki. Darasani mnaweza kufundishwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa wa Uturuki, China au Misri anaeleza maumivu yake kwa lugha yake. Asiyeijua lugha hiyo hubaki mtazamaji miaka miwili ya mwisho, na hiyo ndiyo miaka ya kupata mikono. Uliza wazi: wanafunzi wa kigeni wanatibu wagonjwa wenyewe, au wanatazama tu?

La pili ni utarajali. Nchi nyingine huuhesabu ndani ya kozi: India, kwa mfano, BDS imekuwa miaka 4 ya masomo na 1 ya utarajali. Baraza la nyumbani linaweza kukutaka ufanye mwingine hapa. Uliza kabla ya kuondoka.

La tatu ni usalama. Vita vya Ukraine vilivyopanuka Februari 2022 na vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023 viliwarudisha nyumbani wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki katikati ya masomo. Kuhamisha masomo ya meno ni kugumu, maana kila shule ina idadi yake ya kazi za kliniki inazodai. Kila muhula ukiisha, chukua nakala iliyogongwa muhuri ya matokeo yako na ya daftari la kliniki, utume nyumbani.

Marekani ni habari nyingine: kwa kawaida unaanza na shahada ya kwanza, unafanya mtihani wa DAT, ndipo unaingia shule ya meno kwa miaka 4. DDS na DMD za huko ni sawa. Aliyesomea Afrika Mashariki akitaka kutibu huko kwa kawaida hurudi darasani miaka 2 au 3. Uingereza kuna mtihani wa ORE kwa waliosomea nje.

Hatua ya 4: Nenda ukaione kliniki

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayokueleza ukweli. Nenda katikati ya wiki, asubuhi saa tatu au saa nne, wakati kliniki imejaa. Omba ruhusa ofisi ya shule, jieleze kuwa ni mwombaji. Angalia na uulize haya:

1. Viti vinavyofanya kazi. Usihesabu viti, hesabu vyenye mgonjwa. Kiti kilichofunikwa nailoni ni pambo. Gawanya idadi ya wanafunzi wa miaka ya kliniki kwa viti vinavyofanya kazi. Wanafunzi wawili kwa kiti kimoja ni sawa, mmoja anatibu na mwenzake anasaidia. Wakifika wanne au watano, wewe utakuwa wa kushika taa.
2. Kompresa na umeme. Mashine ya kuchimbia meno inaendeshwa na hewa. Kompresa moja ikiharibika bila ya akiba, viti vyote vinasimama hata kama ni vipya. Uliza: ilipoharibika mara ya mwisho, kliniki ilisimama siku ngapi? Jenereta ipo? Maji je?
3. Foleni ya wagonjwa. Uliza wanakuja kwa nini. Wakija wote kung'olewa tu, hutajifunza vizuri kuziba, tiba ya mzizi (kusafisha na kuziba ndani ya mzizi wa jino) wala meno bandia.
4. Vichwa bandia vya mazoezi. Ni vichwa vyenye meno ya plastiki ambavyo unachimba kabla ya kuruhusiwa kugusa mtu. Kila mwanafunzi apate chake ndani ya kipindi; kungoja zamu kunakula mwaka.
5. Usafishaji wa vifaa. Autoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, ipo na inafanya kazi? Seti za vifaa zinatosha? Ukiona chombo kinapanguswa na kutumika tena, ondoka.
6. Walimu bingwa. Upasuaji wa kinywa, kuziba na tiba ya mizizi, fizi, meno bandia, upangaji wa meno, meno ya watoto, afya ya kinywa ya jamii. Idara isiyo na bingwa hata mmoja hufundishwa kwa mihadhara pekee.
7. Maabara ya meno na eksirei. Viwepo hapo hapo. Tiba ya mzizi bila picha ni kubahatisha.

Kisha mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tano, umwulize swali moja: wewe mwenyewe, kwa mkono wako, umeziba meno mangapi, umeng'oa mangapi, umefanya tiba ya mizizi mingapi? Akisita sana, umepata jibu. Uliza pia wangapi walianza naye na wangapi wamebaki.

Kama unatumia mkono wa kushoto, uliza kama vipo viti vinavyogeuzwa. Wengi hawaulizi, wakaja kufanya kazi miaka mitatu wakiwa wamejipinda.

Hatua ya 5: Tuma maombi na omba mkopo

Tanzania unaomba moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo, kwa awamu. Omba awamu ya kwanza. Nafasi za meno hazibaki nyingi kwa awamu zinazofuata.

Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa kwa ujumbe wa simu, ndani ya muda uliotangazwa. Kila mwaka kuna wanaopoteza nafasi hapa kwa sababu laini waliyoandika ilikuwa ya rafiki.

Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, unaombwa kwenye mfumo wake, mbali na chuo. Fomu inachapishwa, inasainiwa na serikali ya mtaa au kijiji na mwanasheria au hakimu, kisha inapakiwa tena mtandaoni. Sababu kubwa za kukwama ni ukurasa usio na muhuri, picha iliyofifia, na namba ya uhakiki ya RITA iliyokosewa. Kagua kila ukurasa baada ya kuupakia.

Hatua ya 6: Kabla hujagusa mgonjwa

Chanjo ya homa ya ini B ni dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu miezi 6 tangu ile ya kwanza. Ianze mwaka wa kwanza, kwa sababu ukingoja barua ya kuingia kliniki umechelewa. Mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho pima kinga. Kipimo kiwe 10 mIU/mL au zaidi. Wapo wasiojenga kinga kwa dozi za kwanza, na wanapaswa kujua hilo.

Jifunze na hili kabla ya sindano ya kwanza: ukijichoma, osha kwa maji mengi na sabuni, usikamue, toa taarifa saa hiyo hiyo. Dawa za kujikinga na VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Kuficha kwa kuogopa kukaripiwa ndilo kosa linaloumiza wanafunzi zaidi.

Vifaa: usinunue seti nzima kabla ya kuona orodha ya chuo. Miwani ya kinga, koti, viatu vilivyofunika vidole, na kioo cha mdomoni cha kwako vinatosha mwanzoni.

Hatua ya 7: Zoeza mkono kuanzia mwaka wa kwanza

Miaka miwili ya mwanzo ni anatomia, fiziolojia, baiokemia na jamaa zake. Usiache mkono ulale.

Chukua sabuni ya mche na kisu kidogo, chonga jino moja kila wiki kwa ukubwa mara tatu ya halisi. Anza na jino la mbele la juu, kisha chonge, kisha magego. Gego la kwanza la juu lina mizizi 3. La chini lina mizizi 2 na vilele 5. Ukishayachonga, hutayasahau kwenye mtihani.

Zoea kioo. Meno ya juu ya nyuma unayatibu ukiyaangalia kwenye kioo, ambako picha imegeuka. Weka kioo mbele yako, ziba karatasi isionekane moja kwa moja, chora mraba na herufi kwa kutazama kioo tu. Dakika 15 kwa siku. Wiki ya kwanza mkono utaenda kinyume, usiache.

Jifunze kuhesabu meno kwa namba mbili: ya kwanza ni robo ya mdomo, 1 hadi 4 kwa meno ya ukubwani na 5 hadi 8 kwa ya utotoni, ya pili ni nafasi ya jino kutoka katikati. Kwa hiyo 36 ni gego la kwanza la chini kushoto. Kushoto kwa mgonjwa, siyo kwako. Jino zima limewahi kung'olewa kwa kosa la upande.

Meno yaliyong'olewa utayahitaji kwa mazoezi ya tiba ya mizizi. Yaweke kwenye majimaji yasikauke, maana jino lililokauka hupasuka ukilichimba. Yaliyozibwa kwa amalgamu, kijazo chenye zebaki, usiyaingize kwenye autoklevu, kwa sababu mvuke wa zebaki ni sumu. Yaloweke kwenye fomalini ya asilimia 10 kwa wiki 2.

Hatua ya 8: Miaka ya kliniki

Kila idara itakudai idadi ya kazi. Siku ya kwanza ya mwaka andika orodha yote na uanze na zinazochukua ziara nyingi: meno bandia, tiba ya mizizi ya magego, upangaji wa meno. Kung'oa kutakuja kwenyewe. Anayeanza na rahisi hujikuta mwezi wa mwisho anatafuta mgonjwa wa meno bandia, ambaye anahitaji kurudi mara tano au zaidi.

Chukua namba ya simu ya mgonjwa na ya ndugu yake, mkumbushe siku moja kabla. Mwambie tangu mwanzo ziara ni ngapi na zinagharimu nini. Wengi hupotea kwa sababu hawakuelezwa, maumivu yalipotulia wakadhani wamepona.

Kaa vizuri: mgongo umenyooka, viwiko karibu na mwili, mdomo wa mgonjwa usawa wa viwiko vyako. Inua au shusha kiti cha mgonjwa, usijikunje wewe.

Hatua ya 9: Utarajali na leseni

Baada ya kuhitimu unasajiliwa kwa muda na baraza, unafanya utarajali wa miezi 12 hospitali iliyoidhinishwa, kisha unaomba usajili kamili. Saini za daftari la kazi zichukuliwe siku hiyo hiyo. Bingwa akihama, kumtafuta ni taabu. Leseni huhuishwa, na mafunzo endelevu huhesabiwa.

Anayefikiria kliniki binafsi ajue kuwa kituo nacho kinasajiliwa, na mashine ya eksirei Tanzania inahitaji leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC. Pata kibali kwanza, ndipo ununue mashine.

Ukikwama

*Umekosa nafasi awamu ya kwanza.* Omba zinazofuata, ukiwa na mpango wa pili. Usijiunge na shahada nyingine kwa ahadi ya kuhamia meno mwaka unaofuata, huwa haitimii. Njia halisi ni kurudia mtihani au kupita stashahada ya tiba ya meno.

*Umepata sapu (mtihani wa marudio) ya anatomia.* Ni kawaida, lakini sapu mbili au tatu pamoja zinakusogeza kwenye disko, yaani kuondolewa chuoni. Acha kusoma kwa kukariri noti. Rudi kwenye maabara ya miili, taja kila sehemu kwa mdomo ukiishika.

*Mkono unatetemeka.* Mara nyingi tatizo siyo woga. Kidole cha pete hakijaegemezwa kwenye jino la jirani, au umeminya kifaa kupita kiasi. Egemeza, legeza, pumua. Punguza kahawa asubuhi ya kliniki.

*Mikono inawasha na kuchubuka.* Huenda ni glavu za mpira. Badilisha zisizo na unga za naitrili, kausha mikono kabla ya kuvaa, na umwone daktari wa ngozi kama zinavimba.

*Wagonjwa hawatoshi.* Mweleze mwalimu mapema kwa maandishi, omba kubadilishana na mwenzako aliyezidi. Usimlipe mtu akubali kutibiwa jino lisilohitaji tiba. Hilo ni kosa la maadili, na linaweza kukukosesha usajili.

*Chuo kimefutiwa kibali ukiwa katikati.* Nenda kwa mamlaka ya vyuo ukiwa na matokeo yote na daftari la kliniki. Omba maelekezo ya uhamisho kwa maandishi, na usilipe ada ya muhula unaofuata kabla hujajibiwa.